Mgeni Mdogo Asiyebisha Hodi

Vuli inapoingia, kila mkaazi wa Unguja anajua kwamba nyumba yake haitakuwa ya watu peke yao. Mvua ya kwanza ikishailowesha ardhi, kumbikumbi hutoka mashimoni kwa maelfu wakaizunguka taa ya barazani, na asubuhi yake huwa kazi ya mwenye nyumba kufagia mbawa zilizotapakaa sakafuni. Hakuna anayepeleka malalamiko kwa sheha juu ya kumbikumbi. Hao ni wenyeji wenzetu. Siku zao za kuja zinajulikana na siku zao za kuondoka zinajulikana. Leo tunataka kumzungumzia mdudu mwengine, ambaye siye mwenyeji, hana kelele, wala hajawa kero kwa watu wa visiwa hivi. Tunamzungumzia mapema kwa sababu hiyo hiyo.

Vitabuni anaitwa mdudu kibibi. Wengi wetu tumemwona tangu utotoni bila ya kumpa jina: mbawakawa mdogo wa mviringo, kama nusu ya punje ya kunde, mgongo wake mwekundu au wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi, akipanda taratibu juu ya jani la bamia au la mchicha. Mkulima wa mboga ana marafiki wachache kuliko anavyodhani, na huyu ni mmoja wao. Chakula chake kikubwa ni vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya majani wakafyonza utomvu, wakayakunja majani, na kuyachukua maradhi kutoka mmea mmoja hadi mwengine. Kibibi hula vidukari hao kwa makumi kila siku, na mtoto wake, ambaye kwa umbo hufanana na mamba mdogo mweusi, ana ulafi usiopungua ule wa mzazi. Kazi hiyo huifanya bila ya ujira na bila ya bomba la dawa.

Lakini katika jamii hii ya marafiki yumo mmoja ambaye sifa zake ni mchanganyiko. Wataalamu humwita Harmonia axyridis. Asili yake ni Asia ya Mashariki: Uchina, Japani, Korea na Siberia. Ni mkubwa kuliko vibibi wengi, na rangi zake hazina msimamo: huweza kuwa wa chungwa, mwekundu au mweusi, mwenye madoa mengi au asiye na doa hata moja. Mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya kitaalamu kwamba mdudu huyu amepatikana Kenya. Mwaka 2016 jarida la wataalamu wa wadudu likachapisha taarifa nyengine, nayo ilituhusu sisi moja kwa moja: kwamba amepatikana Zanzibar.

Taarifa ile haikupigiwa mbiu, wala hatusemi kwamba ingepigiwa. Kupatikana kwa mdudu mahali si ushahidi wa kwamba amekwisha enea, na sisi hatuna nia ya kumtia mtu hofu. Hata hivyo, historia ya mdudu huyu katika nchi za wengine inastahili kusomwa na kila mwenye dhamana ya kilimo na mazingira katika visiwa hivi.

Huyu hakuvamia nchi za watu kwa hila. Alialikwa. Wamarekani walimleta California mwaka 1916 ili awalie wadudu waliokuwa wakiharibu miti yao, kisha wakarudia kumleta mara kadhaa katika miongo iliyofuata, na kila mara alionekana kama amepotea. Mwaka 1988 ndipo alipogunduliwa katika jimbo la Louisiana akiwa amejenga makaazi, na baada ya hapo akaenea karibu nchi nzima. Ulaya nako aliuzwa kwa wakulima kama bidhaa, afugwe katika vibanda vya mboga vya vioo. Akatoka vibandani. Uingereza, ambayo imezungukwa na bahari kama sisi, ilimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na katika muda wa miaka michache akawa miongoni mwa vibibi wanaoonekana zaidi nchini humo. Afrika Kusini alikwisha onekana mwaka 2001.

Katika nchi hizo za baridi, habari yake iliyowafikia watu wa kawaida ni ile ya nyumbani. Unapofika mwezi wa Oktoba na majani ya miti kuanza kupukutika, wadudu hawa hukusanyika kwa mamia na maelfu juu ya kuta za nyumba, hasa zile za rangi nyeupe zinazopigwa na jua la alasiri, wakitafuta pa kujihifadhi na baridi inayokuja. Kwao Asia hujificha katika nyufa za majabali. Nyumba ya mtu kwao ni jabali tu. Huingia kwa nyufa za madirisha na chini ya mapaa, wakalala humo hadi baridi ipite. Ukiwagusa hutoa majimaji ya manjano katika viungo vya miguu, yenye harufu mbaya na yenye kutia madoa pazia na ukuta. Wapo watu ambao miili yao huyakataa majimaji hayo, wakapiga chafya na kuvimba macho. Wakulima wa zabibu nao hulalamika kwamba wadudu hawa hujificha ndani ya vishada, wakasagwa pamoja na zabibu na kuiharibu ladha ya kinywaji.

Msomaji wa Mji Mkongwe atatwambia kwamba hayo ni ya wenye barafu. Hapa kwetu hakuna baridi ya kumfukuza mdudu bustanini akakimbilia katika nyufa za kuta zetu za mawe na chokaa. Kweli, na tunakubaliana naye. Hatutarajii kuamka siku moja ya vuli tukute vibibi wa kigeni wameufunika ukuta wa Ngome Kongwe. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeyatazama madhara kwa jicho la mwenye sebule, tukamsahau mwenye shamba.

Dhara kubwa la mdudu huyu liko nje ya nyumba. Vidukari wanapopungua, yeye hawaachi vibibi wenzake salama: hula mayai yao na watoto wao. Wataalamu wa Ujerumani walieleza mwaka 2013 kwamba damu yake imejaa vimelea vidogo mno ambavyo yeye mwenyewe havimdhuru, lakini kibibi wa asili akithubutu kuyala mayai yake hupata vimelea hivyo na kufa. Basi mgeni huyu ana upanga na ana sumu. Katika nchi kadhaa za Ulaya imeonekana kwamba pale alipoongezeka yeye, wenyeji walipungua. Mkulima aliyekuwa na walinzi wa namna nyingi, huyu akilinda mbogamboga, yule michungwa, mwengine akishughulika na vidung'ata na mwengine na vidukari, huja akabaki na mlinzi wa namna moja. Na mwenye mlinzi mmoja hulala vizuri mpaka siku atakayougua mlinzi huyo.

Sisi wa Unguja hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano wa mgeni aliyealikwa akawa mwenye nyumba. Tufungue madirisha tu. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu, wanaotuamsha alfajiri na kunyakua vifaranga vyetu mchana, waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili wausafishe mji kwa kula taka. Fikra ilionekana ya busara: ndege ale uchafu, na hazina ya Serikali isitumie kitu. Kufikia mwaka 1917 ndege hao walikwisha hesabiwa kuwa waharibifu. Walikula mayai na makinda ya ndege wengine, hata ndege wadogo waliokuwa wakiimba katika miti ya mjini wakawa nadra. Wakaenea pwani ya Bara, na leo Dar es Salaam na Mombasa zinalalamika kama sisi. Mwaka 2024 Serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Taka, kama kila mtu anavyoona, bado zipo.

Na katika habari hiyo ya kunguru imo sehemu inayotuuma zaidi. Katika miaka ya 1990 ilifanyika kampeni hapa Unguja ya kuwapunguza kwa mitego na sumu, kwa msaada wa fedha kutoka nje. Kunguru walipungua sana. Kisha mradi ukafika mwisho wake, fedha zikaisha, kazi ikasimama, na kunguru wakarudi. Ndege huyu hakutushinda kwa werevu wake peke yake. Alitushinda kwa subira. Yeye hana mwaka wa fedha wala mradi wa muda.

Tusieleweke kuwa tunasema kila kinachotoka nje ni kibaya. Kisiwa hiki kingekuwa maskini kama kingekataa wageni. Mkarafuu, ambao umekifanya kijulikane duniani, ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, nao ulifika hapa mwanzoni mwa karne ya 19. Muhogo ni mgeni kutoka Amerika. Hata katika habari za wadudu wapo wageni waliofanya wema mkubwa. Mwaka 1888 kibibi mmoja wa Australia alichukuliwa kwenda California, na katika muda mfupi akaiokoa michungwa iliyokuwa ikiangamia. Na hapa Afrika, kidung'ata wa muhogo alipogunduliwa nchini Kongo mwaka 1973 akaanza kuvuka bara zima akiteketeza chakula cha mamilioni ya watu, dawa haikutoka katika chupa. Watafiti walikwenda Amerika ya Kusini ulikotoka muhogo wenyewe, wakamtafuta adui wa asili wa kidung'ata, na mwaka 1981 wakampata Paraguay: nyigu mdogo mno, asiyezidi ukubwa wa chawa. Alichunguzwa, akafugwa, akaachiwa katika nchi nyingi za Afrika, na muhogo ukapona. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Ni ipi basi tofauti baina ya nyigu yule na kibibi huyu wa Asia? Tofauti ni moja, nayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Nyigu yule ana riziki moja tu: hutaga mayai yake ndani ya kidung'ata wa muhogo, na kidung'ata akipungua naye hupungua. Kabla ya kuachiwa aliulizwa kwanza, kwa njia ya utafiti, anakula nini na hali nini. Kibibi wa Asia anakula karibu kila mdudu laini anayekutana naye, na sifa hiyo hiyo ndiyo iliyowapendeza wafanyabiashara waliomuuza. Kunguru naye alipendwa kwa sababu anakula kila kitu. Mgeni anayekula kila kitu hatakosa siku moja kula na cha mwenyeji.

Wakulima wetu wa nazi wanalijua somo hili bila ya kulisoma darasani. Mnazi wenye majimoto juu yake, wale siafu wekundu wa mitini wanaoshona majani kuwa nyumba na kuuma kama cheche, huwa haupukutishi vidaka kama mnazi usio nao. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Kiingereza, M. J. Way, alilichunguza jambo hilo hapa hapa Zanzibar. Akathibitisha kwamba majimoto huwafukuza wadudu wanaofyonza vidaka hadi vikaanguka kabla ya kukomaa, na pia kwamba siafu wengine wa ardhini, wakizidi nguvu, huwafukuza majimoto na kuuacha mnazi bila ya mlinzi. Yaani hata vita baina ya wadudu wawili wadogo huonekana mwishowe katika chungu cha mchuzi. Asiyejua nani anamlinda nani shambani kwake hatajua siku alipopoteza.

Yuko atakayesema kwamba mdudu akishaingia hakuna la kufanya. Kisiwa hiki kina jawabu lake, nalo ni jawabu la fahari. Kwa miaka mingi mbung'o wa Unguja waliwaambukiza ng'ombe wetu nagana, na wafugaji wakakata tamaa ya kufuga karibu na msitu wa Jozani na maeneo mengine. Baina ya mwaka 1994 na 1997, baada ya mbung'o kupunguzwa kwanza kwa dawa, madume zaidi ya milioni 8 waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi waliangushwa kwa ndege juu ya kisiwa, wakajamiiana na majike bila ya kupatikana uzao. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba Unguja imetakasika. Kazi hiyo isingewezekana kwa wepesi huo Bara, ambako mbung'o akitoka pori hili huingia pori la pili. Hapa bahari ilikuwa ukuta wetu.

Ukuta, hata hivyo, haufai kitu ikiwa mlango uko wazi. Nzi wa matunda kutoka Asia, ambaye leo hufanya embe linalong'aa kwa nje kuwa funza watupu kwa ndani, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na Tanzania Bara mwaka huo huo. Haukupita muda mrefu akawa katika miembe ya Unguja. Mbu na ndege huweza kupeperushwa na upepo, lakini wageni walio wengi hufika kwa chombo: katika kapu la matunda, katika mche wa maua uliofungwa mizizi yake kwa udongo, katika mbao, katika kontena. Chombo hicho hutia nanga Malindi, au Mkokotoni, au hutua katika uwanja wa ndege, mchana kweupe na karatasi zake mkononi.

Kwa hivyo tunawaomba wahusika wayatafakari mambo matatu, ambayo hayahitaji mradi wa mamilioni.

La kwanza ni mlango. Sheria ya kulinda mimea ipo, na wakaguzi wapo. Tunachoomba ni kwamba mkaguzi wa mimea aonekane kuwa na heshima ile ile aliyonayo ofisa wa forodha. Ofisa wa forodha akikosea, Serikali hupoteza ushuru wa siku moja. Mkaguzi wa mimea akikosea, wajukuu zetu hulipa ushuru huo kila msimu wa maembe. Hasa tunataka yatazamwe maua na miche ya mapambo inayoagizwa kwa ajili ya bustani za mahoteli, kwa sababu mche unaokuja na udongo wake huja na kila kilichomo ndani ya udongo huo. Wenye mahoteli nao wajue kwamba mlangilangi, muasumini na mkadi wa hapa hapa havijawahi kumchusha mgeni yeyote.

La pili ni daftari. Haiwezekani kujua nani amezidi na nani amepungua ikiwa hakuna aliyehesabu. Taasisi ya utafiti wa kilimo iko Kizimbani, chuo kikuu chetu kina wanafunzi wa kilimo na sayansi, na kila shehia ina skuli. Tunapendekeza wanafunzi wafundishwe kuwatambua vibibi wa asili na yule wa kigeni, na mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, wahesabu walichokiona katika bustani ya skuli na kukipeleka Kizimbani. Mtoto anayehesabu wadudu hujifunza hesabu na hujifunza nchi yake kwa pamoja. Nchini Uingereza sehemu kubwa ya habari za kuenea kwa kibibi huyu zilitokana na wananchi wa kawaida waliotuma taarifa za walichokiona majumbani mwao. Kama wao waliweza, sisi ambao kila mtaa una baraza hatuwezi kushindwa kupashana habari.

La tatu ni kudumu. Kazi ya kulinda mimea iwe na fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, hata likiwa dogo, lisitegemee huruma ya mfadhili. Kunguru wametufundisha kwamba kampeni ya miaka mitano inayofuatwa na usingizi wa miaka ishirini ni hasara mara mbili.

Kwa wananchi wenzetu tuna ombi moja, nalo ni kujizuia. Asitokee mtu, baada ya kuyasoma haya, akachukua bomba la dawa na kumnyunyizia kila mdudu mwekundu mwenye madoa. Wengi watakaokufa watakuwa wenyeji, wale wale tunaotaka kuwalinda, na dawa hiyo itabaki katika mchicha utakaouzwa Darajani kesho yake. Ukiona kibibi usiyemzoea, mkubwa kuliko wengine, mtie katika chupa safi, kumbuka mahali na tarehe, umpelekee bwana shamba. Ikiwa ni mwenyeji, hukupoteza kitu. Ikiwa ni mgeni, umefanya kazi ambayo hakuna ofisi inayoweza kuifanya bila ya jicho lako.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa kunguru tunaujenga kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, na bado haujafika darini. Ufa wa kibibi huyu, kama upo, ungali mdogo kiasi cha kuzibwa kwa chupa ya mwanafunzi na jicho la mkaguzi. Vuli ikija na kumbikumbi wakatuzunguka taani, tuwafagie mbawa zao kwa amani kama tulivyozoea. Lakini asubuhi yake, tukiwa bustanini, tuinue jani tutazame chini yake yumo nani.